Ubeti wa Tatu Tuliounyamazia

Nimeweka gitaa chini mwaka huu, na kabla vidole havijasahau naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaopiga kwenye mabendi ya Muheza na Tanga mjini, mnaoniita mzee ingawa mvi zangu bado si nyingi. Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta sentensi imekwenda upande, inyoosheni wenyewe mwendelee. Majina sitayaficha. Walioharibu waliharibu mchana kweupe, wakiitwa majina hayo hayo.

Mimi ni Klementi. Baba yangu alikuja kukata mkonge kutoka kusini, Mkatoliki wa rozari mfukoni, nami nikazaliwa kambini, kwenye shamba lililokuwa nyuma ya Kigombe, mahali ambapo ukipanda juu ya rundo la majani unaiona bahari lakini huna nafasi ya kwenda kuioga. Nilianza kukata mkonge nikiwa bado sijaota ndevu. Kazi hiyo sina la kuisifia. Ilinipa viganja vigumu tu, na hivyo vilikuja kunifaa kwenye nyuzi.

Kundi letu halikuwa na jina. Watu wa mjini walituita waimbaji wa shamba, wakilisema hilo huku wamekunja pua. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu Hamadi, Mpemba, aliacha mikarafuu ya babake akavuka kuja bara, akaishia kwenye mizani ya kupimia mkonge. Wa pili Efraimu, Mshambaa, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, seremala wa kambi. Wa tatu mimi. Hamadi alikuwa akisema, "Sisi tukifa siku moja, wazikaji watachanganyikiwa."

Siku ya kwanza nilimwendea Hamadi na gitaa la debe nililolitengeneza mwenyewe. Nilimkuta kakalia kinu kilichopinduliwa, anajikata kucha kwa wembe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hicho nini, yakhe? Waenda kuteka maji?"

"Gitaa."

"Haya, lilize tulisikie."

Nikapiga na kuimba. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukusogea. Kisha akauliza, "Wimbo huo wa nani?"

"Wangu. Nimeutunga mwenyewe."

"Sikuuliza nani kautunga. Nimeuliza wa nani. Wamwimba mwanamke aliyeachwa na mumewe akatupiwa vyombo nje. Nani huyo?"

Nikamtaja. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu.

"Ajua kwamba wamwimba?"

"Hajui."

"Basi kamwimbie yeye kwanza. Akikubali, njoo nao. Akikukataza, njoo bila ya huo."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika. Yule mama alisikiliza, akanifutia maneno mawili, akanipa muhogo wa kuchemsha. Nikarudi kwa Hamadi na wimbo mfupi na tumbo limejaa. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na tuliiita kuonjesha. Nyimbo zetu zote zilikuwa za watu waliopo. Kabla wimbo haujafika uwanjani, tulikwenda nao kwa mwenye jambo, alasiri, mlango wazi, tukamwimbia taratibu bila ngoma. Akisema hapa toa, tunatoa. Hilo lilikuwa la aliyedhulumiwa tu. Aliyedhulumu hatukumwonjesha. Yeye alikuja kupakuliwa uwanjani pamoja na wenzake.

Na ubeti uliotolewa hatukuuziba kwa mwingine. Hamadi hakutaka kabisa. Alisema ukiuziba umewadanganya watu kwamba hapakuwa na kitu. Kwa hiyo tulipiga magitaa matupu kwa urefu wa ubeti mzima, midomo imefungwa. Tuliuita ubeti bubu. Watu wa kambi walijua: hapo pana la mtu, amelikataza. Wanaume walikuwa wanavua kofia. Wanawake waliacha vigelegele. Ukitaka kujua kama ulipiga vizuri, ulisikiliza pale, siyo kwenye makofi.

Gitaa langu la kweli la kwanza nilitengenezewa na Efraimu. Nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa linanichoma kulisema. Alipata mbao ya mti ulioanguka huko Amani, akaiteremsha juu ya lori la chai, akaikausha darini kwake mpaka ikawa inalia ukiigonga kwa kucha. Nyuzi ndizo zilikuwa tabu. Miaka ile dukani hapakuwa na sabuni wala sukari, sembuse uzi wa gitaa. Tulichukua waya wa breki za baiskeli, tukaufumua uzi mmoja mmoja. Ule mnene wa chini tuliutoa kwenye trekta lililokufa, na mpaka leo sijui kama kweli lilikuwa limekufa au tuliliua sisi.

Kulinganisha sauti hatukuwa na kinanda. Tulikuwa na korona, ile mashine kubwa ya kuchuna majani ya mkonge zibaki nyuzi za katani. Inapokunywa majani inavuma kwa sauti moja asubuhi hadi jioni. Tulisimama nje ya kiwanda tukaukaza uzi wa kati mpaka unakubaliana na korona, nyuzi nyingine zikafuata. Spea zilipoadimika, korona ikawa inasimama wiki nzima, nasi tukawa tunapiga kila mmoja na sauti yake. Watu walidhani ni mtindo mpya.

Sasa nije kwenye kazi ngumu kuliko zote.

Alikuwapo Athumani, mpakia majani kwenye korona, mume wa Bi Mwanaisha, mtu wa Kigombe. Mpole, mcheshi, akikaa karibu na wewe lazima akuibie karanga. Alipata homa. Zahanati ya kambi ilikuwa na mganga na kitanda, dawa hakuna. Akafa. Muislamu huzikwa kwa sanda nyeupe, na sanda hiyo ni bafta. Bafta ilikuwa imeletwa katika duka la kambi, jora zima, kwa ajili ya misiba tu. Sote tuliiona ikishushwa. Meneja wa duka alikuwa Kibwana Sekiondo. Wakaenda watu wa msiba, Sekiondo akawajibu kwamba bafta imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nyingine aliwapelekea wakubwa wake, na kipande kizuri tulikuja kukiona siku ya Idi, kimeshonwa kanzu, Sekiondo mwenyewe yumo ndani.

Athumani alizikwa kwa kilichopatikana mle nyumbani. Kilikuwa kitu gani, hapa sisemi. Mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Nilitunga wimbo nikauita "Bafta". Tulingoja eda ya Bi Mwanaisha iishe, ndipo tukaenda kumwonjesha. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, mwanawe Salehe kamwegemea bega, mdogo bado. Hamadi alishika gitaa la kuongoza, Efraimu la kufuatia, mimi nikaimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Athumani na karanga zake. Akatabasamu. Wa pili ulikuwa wa Sekiondo na funguo zake. Akatikisa kichwa, kwamba ndiyo. Wa tatu ulikuwa wa kile alichozikwa nacho. Nilikuwa sijaumaliza akanyanyua mkono.

"Hapo sikukatalii, Klementi. Ni kweli tupu. Lakini kile kitu nimekishona mimi, kwa mkono wangu. Waliombeba walikiona, wakanyamaza, Mungu awalipe. Wewe ukikiimba, kila atakayemwona mwanangu huyu atamwona babake humo ndani."

"Watu wangejua ubaya wa Sekiondo," nikasema.

"Sekiondo mwimbe mpaka akonde. Mume wangu mwachie nguo yake."

Hamadi akaweka mkono juu ya nyuzi zake. "Umetoka huo. Hausemwi uwanjani, hausemwi bafuni."

"Hausemwi," nikasema.

"Hausemwi," akasema Efraimu. Alikuwepo. Lishikeni hilo.

Tuliupiga "Bafta" Jumapili iliyofuata, uwanja wa kambi umejaa, na Sekiondo amekuja na kanzu yake ile ile. Katika ubeti wa pili watu walianza kugeuka mmoja mmoja kumtazama, tangu shingo mpaka pindo. Alitoka uwanjani akitembea kiupande kama kaa. Kisha tukafika kwenye ubeti wa tatu, tukafunga midomo. Kofia zikatoka. Hata wale walevi wa pombe ya mnazi walisimama wima kadiri walivyoweza. Bi Mwanaisha alikuwa mbele, kamshika Salehe mabegani, uso juu. Nimepiga harusi nyingi na sherehe za wakubwa tangu siku hiyo. Sijapata kupiga tena namna ile.

Siku chache baadaye mgambo walikuja kuchukua magitaa, eti tunavuruga amani ya kambi. Yakafungiwa katika stoo ya duka, mikononi mwa Sekiondo. Tuliimba kwa kugonga kiberiti mpaka yalipoachiwa, na kiberiti chenyewe kilikuwa cha magendo.

Kisha zikaja zile siku za ruksa. Maduka yalijaa ghafla kama yaliyomwagiwa. Sabuni za rangi zote, redio, mitumba hadi barabarani, bafta majora kwa majora, kila mtu na pumzi yake anunue. Sekiondo aliacha kazi ya kambi akafungua duka la vitambaa mjini. Nasikia wafiwa anawapunguzia bei. Korona yetu ilisimama, safari hii moja kwa moja. Tukapunguzwa kazi, shamba likamezwa na nyasi. Tukawa tunaishi kwa magitaa: harusi Tongoni, ufunguzi wa vilabu Muheza, popote.

Ndipo Twaha akatuita. Twaha alikuwa na duka la kaseti Ngamiani, huko mjini, na nyuma ya duka chumba kimebandikwa magodoro ukutani ili makelele ya nje yasiingie. Alitaka kurekodi "Bafta", maana ilikuwa inaombwa hadi mjini. Tukaingia, tukapiga. Tulipofika ubeti wa tatu tukanyamaza kama kawaida, magitaa yanaendelea. Twaha akatupungia mikono, akazima mashine.

"Vipi, mmesahau maneno?"

"Hatukusahau," akasema Hamadi. "Hapo ndivyo palivyo."

"Mzee wangu, mtu kanunua kaseti, kafika hapo sauti imekatika. Atanirudishia, atasema mbovu."

"Mwambie avue kofia."

Twaha alicheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi watu wa shamba bwana! Avue kofia kwa nani, kwa redio?"

"Yakhe, nyimbo nyingine tunazo. Chukua hizo."

"Nataka hii. Na nataka ijae."

Hamadi akafunga gitaa lake kwenye kanga, tukatoka. Efraimu akasema tutangulie stendi, yeye anamalizia soda aliyopewa na Twaha. Sikuwaza kitu. Soda zilikuwa ndiyo kwanza zimerudi, mtu alikuwa na haki ya kuimaliza.

Miezi ikapita. Siku moja niko gulioni Muheza, nachagua suruali ya mtumba, kibanda cha jirani kina redio. Nikasikia "Bafta". Sauti ya Efraimu peke yake, na kinanda cha umeme kinamfuata nyuma kama mbwa. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Nikasema moyoni, sasa atanyamaza. Hakunyamaza. Akauimba wote, neno kwa neno, kama nilivyouimba mbele ya Bi Mwanaisha, na mwisho kavuta sauti kwa madoido. Muuza mitumba akaniambia, "Kaka, suruali unaikunja, unanunua au huinunui?"

Nilimkuta Efraimu kwenye meza yake ya useremala, anapiga randa.

"Karibu kaka."

"Sikaribii. Umeimba."

"Nimeimba ubeti uliotunga wewe, Klementi. Ungekuwa hutaki uimbwe, uliutunga wa nini?"

"Mwenyewe alikataza. Ulikuwepo, ukaitikia."

"Alikataza zamani zile. Zamani zile tulikatazwa mpaka sukari. Sasa ruksa, watu wanataka kujua."

"Wanataka kujua nini? Wanamjua Athumani?"

"Si ndiyo vizuri? Hawamjui. Sasa atadhurika nani?"

Akarudi kwenye randa yake. Maranda yakawa yananiangukia miguuni, membamba, mazuri. Alikuwa fundi kweli.

Aliyedhurika nawaambia. Kigombe nzima ilijua wimbo ule ni wa nani. Salehe sasa alikuwa kijana, anabeba samaki pwani, wenzake wakampa jina la utani kutoka kwenye ubeti ule. Silitaji. Alipigana, akamvunja mtu meno, akapigana tena, kisha akapanda basi la Mombasa bila kumuaga mamake. Nilipokwenda kwa Bi Mwanaisha alikuja mpaka kizingitini.

"Bi Mwanaisha, siyo mimi."

"Sauti si yako, nimesikia. Maneno ya nani?"

Akafunga mlango polepole, akaurudisha mpaka komeo likaingia mahali pake. Afadhali angeubamiza.

Baada ya hapo kazi ilikufa, ingawa tuliendelea kuipiga. Tulikwenda Tongoni kumwonjesha bibi mmoja aliyedhulumiwa kiwanja na shemejiye. Akatusimamisha uani. "Mmekuja kuonjesha au kurekodi?" Wajukuu zake wakacheka. Hamadi hakucheka. Mwezi haukuisha akavuka kurudi kwao Pemba. Aliniachia ufunguo wa kukazia nyuzi na kunitaka nisimwimbe yeye. Alifia huko. Sijamwimba.

Efraimu alikufa kwa kifua, hapa hapa. Alizikwa katika jeneza alilolichonga mwenyewe akiwa bado na nguvu, mbao za Amani, kona zimefungwa bila hata msumari. Nilibeba. Nilitupa udongo. Watu waliniambia sasa msamehe. Kuzika nimezika, kusamehe ni kazi nyingine, sikuajiriwa nayo. Twaha yupo, sasa anauza simu. Sekiondo yupo. Waliobaki ni hao, na mimi.

Mwaka huu niliitwa kupiga harusi Kigombe, alasiri, turubai limefungwa karibu na msikiti, maspika makubwa yamening'inizwa. Vijana wakaanza kupiga kelele, "Bafta! Bafta!" Nikasema siijui. Wakacheka, wakadhani natania. Bwana harusi akaja mwenyewe. "Baba, tafadhali, huu ndio wimbo wangu." Athumani alipokufa, kijana huyu hakuwa amezaliwa.

Nikakubali, kwa sababu moja. Nilitaka hata mara moja watu wa Kigombe wasikie ulivyokuwa. Nikaimba wa kwanza. Nikaimba wa pili. Nilipofika wa tatu nikafunga mdomo, nikabaki na nyuzi.

Wakauimba wao.

Uwanja mzima. Bibi harusi, wapishi na miiko yao, watoto juu ya ukuta, neno kwa neno, wanaruka, wanapiga makofi, nyuso zimefurahi. Walidhani nimewaachia nafasi. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na maspika yakaupeleka juu ya mapaa hadi pwani. Mimi nilipiga mpaka ubeti ukaisha, maana gitaa halikatizwi katikati, kisha nikaliweka ndani ya kanga.

Nyumba ya Bi Mwanaisha haiko mbali na pale. Nilikwenda kwa miguu, sikujua nakwenda kusema nini. Alikuwa barazani anamenya muhogo. Tangu siku ya ule mlango hatukuwa tumesalimiana.

"Umesikia," nikasema.

"Nimesikia. Maspika yale hata wafu wamesikia."

"Sikuimba, Bi Mwanaisha. Nilinyamaza."

"Najua." Akatupa ganda kwenye ungo. "Nilikuwa naitafuta sauti yako humo. Haikuwemo."

Akasogea, akanipisha kwenye jamvi. Nikakaa. Akaniuliza habari za mgongo wangu, nikamuuliza habari za Salehe. Ana watoto, akasema, wanaongea Kiswahili cha Mombasa, humwelewi mmoja. Wimbo hatukuutaja tena. Nilipoondoka alinifungia muhogo kwenye jani.

Tangu siku hiyo sijapiga mbele ya watu. Gitaa liko ukutani, na nyuzi nimezilegeza. Nanyi fanyeni hivyo mkiweka chombo muda mrefu, la sivyo shingo inapinda. Nyuzi za siku hizi zinauzwa kila duka, msije mkafumua breki za mtu. Na wimbo wa mtu, mwonjesheni kwanza. Mtaniona wa zamani, lakini mtakula muhogo.

"Bafta" siwezi kuwakatazeni, imeshatawanyika. Ila mkiipiga mahali nami nipo, mtaona mkifika ubeti wa tatu nainuka natoka nje, kofia mkononi. Msidhani nimekwenda msalani. Nitakuwa hapo nje ukutani, mdomo nimeufunga, naupiga ubeti wangu kwa vidole, na ukiisha nitarudi kukaa.